Anayeshtaki Naye Hupimwa

Tarehe 26 Juni 2025, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilitupa pingamizi za Rwanda na kutamka kwamba ina mamlaka ya kusikiliza kesi ambayo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa imeifungua mwaka 2023. Kongo inadai kwamba haki za raia wake wa mashariki zimevunjwa na jirani yake. Rwanda ilijibu, pamoja na mengine, kwamba mambo yanayolalamikiwa yako nje ya mipaka yake, hivyo hayawezi kuwa hoja mbele ya mahakama hiyo. Majaji hawakukubali. Hawakusema nani ana hatia, maana hatua hiyo bado haikuwa imefikiwa. Walichofanya ni kufungua mlango, na kwa mara ya kwanza dola moja ya Afrika ikawa imeifikisha dola nyingine mbele yao hadi hapo.

Mkazi wa Mususa, Kimemi au mtaa wowote wa Butembo ana sababu ya kuisikia habari hiyo bila kuruka kwa furaha. Kwa zaidi ya miaka 25 amesikia majina ya mahakama na tume za mbali: The Hague, Banjul, Arusha. Amesikia pia milio ya risasi, ambayo haikungoja hukumu. Mahakama hizo hazina polisi wala gereza zinalolimiliki kama nchi inavyomiliki lake, na jaji wa Arusha hawezi kutuma hata askari mmoja Mbau au Oicha. Basi kwa nini mtu azitambue? Na kwa nini serikali, yenye bunduki na hazina, ijisumbue kuzijibu? Jibu la kawaida ni kwamba serikali zilitia saini. Hilo ni kweli, lakini halitoshi. Serikali hutia saini mambo mengi na kuyasahau siku hiyo hiyo.

Hoja ya sura hii ni kwamba mahakama ya haki za binadamu hupata uhalali wake kutokana na kipimo inachokitumia, na kipimo hicho huwa na nguvu pale tu kinapokuwa si mali ya mahakama hiyo peke yake. Lazima kiwe kimeandikwa katika mkataba ambao mshtakiwa mwenyewe ameukubali, kiwe kinatumiwa na mahakama nyingine zisizo na maslahi katika ugomvi huo, na zaidi ya yote kiwe tayari kumgeukia aliyekileta. Mnunuzi wa kakao na mkulima wa Beni huweza kuuziana bila kupigana kwa sababu mizani si ya mmoja wao, na jiwe lililopima gunia la jana ndilo litakalopima la leo. Kongo ni nchi inayofaa kuliko nyingi kwa kuijaribu hoja hii, kwa sababu imekaa kwenye benchi zote mbili. Imeshtaki, nayo imeshtakiwa.

Tuanze na siku iliposhtaki. Mwaka 1999, vita vikiwa vimepamba moto, serikali ya Kinshasa ilipeleka malalamiko kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, dhidi ya Burundi, Rwanda na Uganda. Ilieleza mauaji, makaburi ya halaiki, ubakaji, uporaji wa madini, na kuzingirwa kwa bwawa la Inga, ambako umeme ulikatika na wagonjwa wakafa hospitalini. Tume ilikuwa katika hali ngumu. Mkataba wa Afrika, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, hauna sura ya kanuni za vita. Hausemi jeshi linaloikalia ardhi ya wengine limfanyie nini raia, wala hautaji mabwawa. Tume ingeweza kusema kwamba jambo hilo haliihusu. Badala yake ilifungua ibara ya 60 na ya 61 za Mkataba huohuo, zinazoiagiza kuchota kutoka katika sheria ya kimataifa na hati nyingine za haki za binadamu, ikachukua Mikataba ya Geneva na kanuni za vita za The Hague, ikayasoma yote pamoja. Mwaka 2003 ikaamua kwamba mataifa hayo matatu yalikiuka Mkataba na kwamba waathirika wanastahili fidia.

Uamuzi huo ulisifiwa kidogo na kusahauliwa upesi, kwa kuwa Tume hutoa mapendekezo tu na hakuna aliyelipa chochote kwa ajili yake. Lakini ukiutazama kama kazi ya fundi, utaona kilichofanyika. Tume haikutunga kanuni mpya kwa ajili ya kuipendelea Kongo. Ilichukua kanuni ambazo Kongo, Rwanda, Uganda na Burundi zote zilikuwa zimezikubali kabla ya vita, na ambazo hakuna hata moja kati yao ingethubutu kusimama hadharani kuzikana. Mtu anaweza kuichukia hukumu ya namna hiyo, lakini ni vigumu kuiita hila.

Miaka miwili baadaye njia hiyo hiyo ilipitiwa na mahakama nyingine kabisa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, si mahakama ya haki za binadamu. Kazi yake ni migogoro ya dola kwa dola. Hata hivyo, tarehe 19 Desemba 2005, katika kesi ya Kongo dhidi ya Uganda, ilisema kwamba dola hubeba wajibu wake wa haki za binadamu hata nje ya mipaka yake, hasa katika ardhi inayoikalia, na miongoni mwa hati ilizozitumia kuihukumu Uganda ulikuwamo Mkataba wa Afrika. Ndiyo kusema kwamba hati iliyoandikwa na Waafrika, ambayo wapo waliodhani ni pambo la mikutano ya marais, ilikuwa imetumika kama sheria mbele ya majaji 17 waliotoka kila pembe ya dunia. Arusha ilipokataa hoja ya Rwanda ya mipaka mwaka 2025, haikuwa ikivumbua. Ilikuwa inatembea katika njia ambayo Banjul na The Hague walikwisha kuifyeka takriban miaka 20 kabla.

Hukumu ya 2005 ina jambo linalouma Beni na Butembo, na haifai kulipita. Majeshi ya Uganda yaliingia Beni Agosti 1998. Lakini mahakama ilitambua ukaliaji katika Ituri peke yake, kwa sababu ndiko ilikoona ushahidi kwamba Uganda ilikuwa imeweka mamlaka yake mahali pa mamlaka ya Kongo. Kwa mkazi wa Beni aliyewaona askari hao mlangoni kwake, tofauti hiyo ni ya wanasheria waliokaa mbali. Vivyo hivyo katika fidia: Kongo iliomba zaidi ya dola bilioni 11 na kudai raia 180,000 waliouawa, lakini tarehe 9 Februari 2022 mahakama ilikadiria vifo kati ya 10,000 na 15,000 na kutoa dola milioni 325, yaani milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali na milioni 60 kwa maliasili. Wengi waliona ni dhihaka. Mimi naona ni adhabu ya uzembe wa ushahidi, na kwamba sehemu kubwa ya lawama iko Kinshasa, ambako faili iliandaliwa. Kipimo cha pamoja kina gharama hiyo: anayekiomba hawezi kudai kisiguse upande wake. Mahakama ambayo ingeandika 180,000 kwa kuwa mlalamikaji amelia sana isingeifanya Uganda ilipe. Na Uganda ililipa. Awamu ya kwanza ya dola milioni 65 ilitoka Septemba 2022, wakati majeshi ya nchi hiyohiyo yakiwa yamerudi Beni, safari hii kwa mwaliko wa Kinshasa, katika operesheni iitwayo Shujaa.

Sasa tugeuze upande. Wakati Kongo ikiidai Uganda, yenyewe ilikuwa inadaiwa na Guinea, palepale The Hague. Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara raia wa Guinea, aliishi nchini kwa miaka 32. Kampuni zake zilikuwa zikiidai serikali na makampuni makubwa fedha nyingi. Mwishoni mwa 1995 alikamatwa, na tarehe 31 Januari 1996 akafukuzwa kutoka nchi iliyokuwa bado ikiitwa Zaire. Tarehe 30 Novemba 2010 mahakama iliamua kwamba kukamatwa na kufukuzwa kwake kulikiuka Agano la Kimataifa la Haki za Kiraia na Kisiasa pamoja na Mkataba wa Afrika. Cha kuvutia ni namna majaji walivyofika hapo. Walisema kwamba wanaposoma Agano, lazima wape uzito mkubwa tafsiri za Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na wanaposoma mkataba wa kanda, wazingatie chombo kilichowekwa na mkataba huo kuusimamia. Kwa hiyo walitazama maamuzi ya Tume ya Afrika, kisha wakaongeza kwamba mahakama ya Ulaya na ya Amerika zimesoma vivyo hivyo. Mwaka 2012 Kongo ikaagizwa kulipa dola 95,000. Kiasi ni kidogo, lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu 1949 mahakama hiyo kupanga yenyewe kiasi cha fidia.

Ukiziweka kesi hizi mbili kando kwa kando, utaelewa kwa nini hukumu ya Diallo iliipa nguvu hukumu ya Uganda. Kongo haikuweza kusema kwamba Mkataba wa Afrika ni sheria unapombana Mganda na ni porojo unapombana waziri wa Kinshasa. Mahakama ambayo ingeutumia upande mmoja tu ingekuwa chombo cha propaganda, na kila jirani angekuwa na haki ya kuidharau. Nayo Tume haikuiacha Kongo. Oktoba 2004, baada ya waasi wachache kuushika mji wa Kilwa huko Katanga, jeshi la serikali liliurudisha kwa mauaji ya watu zaidi ya 70, likitumia magari ya kampuni ya madini. Mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachia huru washtakiwa kwa mashtaka hayo mwaka 2007. Malalamiko yalikwenda Banjul, na Tume, katika uamuzi wa 2016 uliotangazwa mwaka uliofuata, iliilaumu serikali na kuagiza fidia ya dola milioni 2.5 kwa waathirika waliotajwa. Ni Tume ileile iliyokuwa imeisikiliza Kinshasa mwaka 2003, na hoja zake zilitoka katika Mkataba uleule.

Watu wengi, na si wanasiasa tu, husema kwamba vipimo hivi ni vya Wazungu, vimevalishwa kanzu ya Kiafrika. Hoja hii inastahili jibu zito kuliko lile la kuitaja tarehe ya mkutano wa Nairobi. Ni kweli kwamba mahakama ya Ulaya, iliyoanza mwaka 1959, imetoa hukumu nyingi kuliko nyingine zote, na ni kweli kwamba majaji wa Arusha huitaja. Lakini tutazame jinsi inavyotajwa. Mwaka 1978, katika kesi ya kijana wa miaka 15 aliyechapwa fimbo kwa amri ya mahakama katika kisiwa cha Man, majaji wa mahakama hiyo, walioko Strasbourg, walisema kwamba mkataba wao ni hati iliyo hai na kwamba hawawezi kupuuza viwango vinavyokubalika kwa pamoja na nchi wanachama. Huo ndio ufunguo wa jambo lote. Jaji hasemi, mimi nimeona hivi. Anasema, ninyi nyote mnafanya hivi, isipokuwa huyu mmoja. Itifaki iliyoiunda Mahakama ya Afrika, iliyopitishwa Ouagadougou mwaka 1998, inaiagiza katika ibara ya 7 kutumia Mkataba na hati nyingine yoyote ya haki za binadamu ambayo nchi husika imeiridhia. Maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Nchi haipimwi kwa hati ya mgeni. Inapimwa kwa ile iliyobeba saini ya rais wake.

Tena msafara wa mawazo haya hauendi upande mmoja. Tume ilipoiamulia Kenya kuhusu jamii ya Waendorois waliofukuzwa kando ya Ziwa Bogoria, ilitegemea sana hukumu ya mwaka 2007 ya Mahakama ya Amerika iliyoko San José, kuhusu Wasaramaka wa Suriname. Wasaramaka ni nani? Ni uzao wa Waafrika waliotoroka utumwa na kujijengea jamii yao msituni. Haki yao ya ardhi ilisafiri kurudi Afrika, ikawasaidia Waendorois, kisha ikafungua njia kwa Waogieki wa msitu wa Mau, ambao Mahakama ya Afrika iliwapa ushindi tarehe 26 Mei 2017. Nani hapo ni Mzungu? Na ule wajibu wa dola kuzuia, kuchunguza na kuadhibu hata uovu uliofanywa na watu wasio maofisa wake, San José iliuweka wazi mwaka 1988 katika kesi ya mwanafunzi aliyepotezwa Honduras, na Tume ya Afrika ikauchukua katika kesi za Zimbabwe. Kwa Beni hili si la darasani. Tangu Oktoba 2014 raia wamekuwa wakichinjwa, na lawama kubwa zimeangukia kundi la ADF, ambalo si serikali. Kwa kipimo hiki, serikali haitoki kwa kusema si sisi tulioua. Itaulizwa ilijua nini, ilifanya nini, na ilimchunguza nani.

Hapa tumefika mahali ambapo mkazi wa Beni na Butembo anagusana na vipimo hivyo bila kwenda Arusha: kwenye mlango wa oditora, mwendesha mashtaka wa kijeshi. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziko chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, ule unaoitwa na kila mtu kwa Kifaransa état de siège. Makosa ya jinai ya raia yalihamishwa kutoka mahakama za kiraia kwenda kwa majaji wenye vyeo vya jeshi. Kanuni za Tume ya Afrika kuhusu haki ya kesi ya haki, za mwaka 2003, zinasema mahakama za kijeshi ni za makosa ya kijeshi yaliyofanywa na wanajeshi, na hazipaswi kuwahukumu raia. Katiba ya Kongo ya 2006 yenyewe, katika ibara ya 156, inamruhusu rais kusimamisha kwa muda mahakama za kiraia wakati wa hali hiyo, lakini inasisitiza kwamba haki ya kukata rufaa haisimamishwi. Ibara ya 61 inairudia: haki ya kujitetea na ya kukata rufaa haziguswi hata wakati wa dharura. Kumbe mwaka 2014, Beni palepale, mahakama ya kijeshi ya operesheni ilisikiliza kesi ya mauaji ya Kanali Mamadou Ndala na kutoa hukumu ya kifo, na hukumu za mahakama ya aina hiyo hazina rufaa. Wapo waliopiga makofi, kwa kuwa Ndala alipendwa. Lakini kipimo kinachomlinda tu mtu asiyechukiwa hakina kazi.

Mtu anaweza kusema kwamba vita havingoji rufaa, na kwamba hakimu wa kiraia katika mji unaoshambuliwa usiku hana usalama wa kumhukumu mwasi. Hoja hii si ya kupuuzwa. Hakimu anaogopa kama watu wengine. Ila jibu lake lilikwisha kutolewa na nchi jirani. Tarehe 16 Novemba 2005, Mahakama Kuu ya Uganda ilitoa dhamana kwa watu 14 walioshtakiwa uhaini pamoja na wenzao 2. Watu wa usalama wakaizingira mahakama, washtakiwa wakarudishwa gerezani, kisha wakafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa mambo yaleyale. Kesi ikaenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Kwa mkataba wake, mahakama hii haijapewa rasmi kazi ya haki za binadamu; itifaki ya kuiongezea kazi hiyo inasubiriwa. Uganda iliegemea hapo. Tarehe 1 Novemba 2007, katika kesi ya Katabazi, majaji walijibu kwamba hawatakimbia kazi yao ya kuufasiri mkataba wa Jumuiya kwa sababu tu malalamiko yamegusa haki za binadamu, na kwamba utawala wa sheria, ambao nchi wanachama waliahidiana, ulivunjwa. Walikuwa na mamlaka membamba mno. Waliyatia nguvu kwa kuonyesha kwamba ahadi ya pamoja iliyomo katika mkataba ina maana moja tu ambayo mtu mwaminifu anaweza kuipa.

Pingamizi kubwa zaidi ni hili: hukumu zote hizi, nani anazitekeleza? Mahakama ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, iliihukumu Zimbabwe mwaka 2008 katika kesi ya Campbell, kuhusu mashamba yaliyotwaliwa. Mwaka 2010 marais waliisimamisha, kisha wakapanga kuifunga kwa raia. Mahakama ya Afrika nayo imeona nchi 12 zikiweka tamko la kuruhusu raia na mashirika kuishtaki dola moja kwa moja, halafu 5 zikalifuta: Rwanda mwaka 2016, Tanzania iliyo mwenyeji wake mwaka 2019, Benin na Côte d'Ivoire mwaka 2020, Tunisia mwaka 2025. Ukisoma orodha hiyo kwa haraka utasema kipimo cha pamoja kimeshindwa. Ukiisoma taratibu utaona kwamba nchi hizo hazikujitoa katika Mkataba wa Afrika. Zilifunga mlango wa raia na kuacha kipimo mahali pake. Hiyo si heshima kwao, na sitaki kuugeuza msiba kuwa sherehe. Lakini kipimo kilichobaki kimewahi kuwafuata waliokifungia mlango. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliruhusu mwaka 2013 hukumu ya Campbell itekelezwe dhidi ya mali za Zimbabwe nchini humo, na mwaka 2018 ikasema rais wa Afrika Kusini alivunja katiba alipoungana na wenzake kuiua mahakama ya SADC. Mahakama Kuu ya Tanzania ilisema jambo linalofanana na hilo mwaka 2019. Majaji wa nyumbani ndio waliofanya kazi hiyo, na waliweza kwa sababu sheria ya kimataifa ilikuwa imekwisha kuingia katika lugha yao ya kila siku.

Na tusiisingizie The Hague makosa ya nyumbani. Uganda ilipoanza kulipa, fedha ziliingia Kongo na kuwekwa chini ya mfuko maalumu wenye makao Kisangani. Septemba 2025 Mahakama ya Kasasyo mjini Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria miaka 3 ya kazi za lazima kwa ubadhirifu wa karibu dola milioni 19, zilizotoka katika fidia hiyo, kwa jina la kujenga gereza. Mwathirika ambaye hajapata kitu ana haki ya kukasirika, ila hasira hiyo aipeleke inakostahili.

Udhaifu halisi wa Kongo katika habari hii yote uko mahali padogo sana. Nchi imeridhia Itifaki ya Mahakama ya Afrika, ndiyo maana iliweza kuishtaki Rwanda. Lakini haijaweka lile tamko la ibara ya 34, kifungu cha 6. Maana yake ni kwamba serikali ya Kongo inaweza kuingia Arusha kudai haki kwa jina la watu wa mashariki, ila mtu wa mashariki hawezi kuingia mlango huohuo kudai haki dhidi ya serikali yake. Mjane wa Beni ni ushahidi katika faili la dola, si mlalamikaji. Kwa hoja niliyoijenga hapa, hilo linaipunguzia nguvu kesi ya Kongo yenyewe. Wakili wa Rwanda hahitaji akili nyingi kuuliza kwa nini mwenzake anakiamini kipimo hiki pale tu kinapompima jirani. Swali hilo halibadilishi sheria ya kesi, lakini linabadilisha uzito wake machoni pa Afrika nzima, na kuna siku Kongo itahitaji Afrika nzima ili hukumu itekelezwe.

Serikali iweke tamko hilo. Haihitaji bajeti, wala haihitaji vita viishe kwanza. Na mawakili wa Beni na Butembo wasikae kungoja siku hiyo. Ibara ya 153 ya Katiba inaziagiza mahakama za kiraia na za kijeshi kutumia mikataba iliyoridhiwa, na ibara ya 215 inaiweka juu ya sheria za kawaida. Basi Mkataba wa Afrika na utajwe katika kila utetezi mbele ya mahakama ya kijeshi ya garnizo ya Beni-Butembo, hata kama jaji ataupuuza, kwa kuwa kisichotajwa chini hakisikilizwi vizuri juu. Mlango wa Banjul uko wazi kwa mtu yeyote aliyekwisha kujaribu mahakama za nchi, na Tume inaweza kulibeba jambo zito hadi Arusha, kama ilivyofanya kwa Waogieki, ingawa Kenya haikuwa na tamko. Zaidi ya hayo, tangu Julai 2022 Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kufungua shauri katika mahakama ya Jumuiya bila tamko la serikali na bila kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Kinachohitajika ni wakili makini na kalenda, kwa sababu mahakama hiyo haipokei shauri lililochelewa zaidi ya miezi 2 tangu kitendo kinacholalamikiwa kitokee au kijulikane.